Jicho la CD, tangu 1982 mpaka Kasongo
Mashine ya kwanza ya CD kuuzwa madukani, CDP-101 ya Sony, ilitoka Japani mwezi wa 10 mwaka 1982. Maniema ilikuwa bado ndani ya Kivu. Ikawa jimbo 1988. Jicho la mashine hizi ni leza ya nanometa 780, mwanga usioonekana, na usiuchungulie. Vumbi la Kasongo na Kabambare hulifunika. Lenzi hupanguswa polepole kwa pamba na alkoholi. Fundi mwenye haraka huzungusha skrubu ya kuongeza nguvu: CD inaimba siku chache, kisha leza inakufa kabisa. Familia iliyokimbia vita na CD moja ya arusi, heri ihamishe sauti kwenye kadi ya simu siku ileile mashine inaposoma.