Kadhi wa Pemba na Taadhima Yake

Tufani ya mwaka 1872 ilipong'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, kisiwa hiki kiligeuka kuwa hazina kuu ya karafuu. Na kwa kuwa huku mtu aweza kumiliki mti pasi na kumiliki ardhi ulipoota, kadhi alielemewa na mashauri ya mirathi, ya rahani, na ya bei ya khiyari, ambayo kwayo mkulima aliyekwama huuza shamba lake kwa sharti la kulikomboa.

Sayyid Barghash aliasisi nishani ya Nyota Ing'arayo mwaka 1875, na Sayyid Ahmed bin Sumait, kadhi mashuhuri wa Unguja aliyefariki mwaka 1925, alitunukiwa nishani na Sultani Abdulhamid wa Pili wa Dola ya Uthmaniya; lakini kwa yakini yangu taadhima iliyozidi hizo ni ile waliyompa kadhi wao watu wa Chake Chake na Wete walipomkabidhi amana: mali ya yatima, wosia wa marehemu, na wakfu wa mikarafuu ambayo mavuno yake yalinunua mafuta ya taa na mikeka ya msikiti. Huyo ndiye aliyehukumu asubuhi, na alasiri akasuluhisha mume na mke barazani pake.

Kamisheni ya Wakfu ilipoundwa mwaka 1905, sehemu ya amana hiyo ilihamia serikalini. Mahakama ya kadhi yenyewe ilisalia, na sheria ya mwaka 1985 ikaithibitishia mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi.