Kuelemewa na huruma

Mhudumu wa kujitolea wa tiba shufaa anaposhuka matatu Kaptembwo au Rhonda, mjini Nakuru, huwa hakuja na dawa. Mofini ya kunywa huandikwa na daktari. Yeye kazi yake kubwa ni kukaa: amgeuze mgonjwa, amsikilize shosho akisimulia usiku ulivyokuwa, kisha aende nyumba nyingine. Jioni ukimjulia hali atakwambia moyo ni mzito.

Wataalamu wana istilahi ya hali hiyo kwa Kiingereza: *compassion fatigue*. Mwaka 1992 Carla Joinson aliitumia kuhusu wauguzi wa Marekani, na mwanasaikolojia Charles Figley akaipanua katika kitabu cha 1995. Kwa Kiswahili hufasiriwa neno kwa neno: uchovu wa huruma. Tafsiri hiyo hainiridhishi. Inadokeza kwamba kilichochoka ni huruma yenyewe, kana kwamba mtu amekuwa mkavu. Lakini kwetu mtu huingiwa na huruma, nayo humshika, kama hofu au usingizi. Tena uchovu dawa yake ni kulala. Aliyelima Subukia kutwa akipata usingizi, asubuhi ni mzima. Mhudumu huyu huamka na mzigo uleule.

Ndiyo maana napendekeza *kuelemewa na huruma*. Ni kitenzi-jina, hakitusumbui katika sentensi: kuelemewa huku, kuelemewa kwake. Lawama inabaki kwa mzigo, si kwa moyo wa aliyeubeba.

Na hali hii haifuti furaha. Kipimo cha Beth Hudnall Stamm, chenye maswali 30, hupima pia kinyume chake, ambacho naweza kukiita ridhaa ya huruma: raha ya kujua umemfaa mtu. Mhudumu mmoja aweza kuwa na vyote viwili siku moja.

Mzigo wenyewe, naona, unatoka matangani. Mgonjwa akifariki, jamaa hukaa matanga, na siku ikifika huyaanua. Mhudumu si jamaa. Atahudhuria mazishi, aketi viti vya nyuma, na kesho yake kuna mlango mwingine wa kubisha hodi. Msiba wa kwanza hajauanua, wa pili umeshaingia. Hospisi ikiwakusanya wahudumu baada ya kila kifo, hata kwa saa moja ya chai, wakamtaja marehemu kwa jina na aliyemhudumia akalia akitaka, hiyo ndiyo siku yake ya kuanua matanga.