Geji ya saa yenye wenzo

Geji ya saa yenye wenzo ni kifaa cha kupimia tofauti ndogo sana kwenye uso wa kitu, mara nyingi kwa hatua za milimita 0.01. Hutumika, kwa mfano, kwenye mashine ya kukereza chuma. Ncha ikisukumwa, wenzo wake husogeza mshale.

Geji hufungwa imara kwenye stendi, ncha hugusishwa kidogo, kisha duara la namba huzungushwa hadi sifuri ifike kwenye mshale. Wenzo ulale karibu sambamba na uso unaopimwa. Ukiinama nyuzi 60, kipimo halisi ni nusu tu ya kinachosomwa. Kosa hilo halidhuru katika kuweka kipande katikati ya mashine, kwani hapo hutafutwa mshale usiosogea. Huharibu kazi pale namba yenyewe inapohitajika.