Nailoni Chini ya Longonot

Ukipanda mlima Longonot nchini Kenya hadi kileleni, mita 2,776, ukageukia Naivasha, weupe mwingi unaometa kando ya ziwa si maji. Ni nailoni: paa za vivungulio vya maua, safu baada ya safu. Ajabu ni kwamba asili ya mashine inayozitengeneza iko karibu zaidi na nyaya za simu kuliko na shamba.

Mwaka 1845 Henry Bewley alibuni mashine ya kukamulia mirija ya guta-pacha, utomvu wa mti wa Asia unaolainika kwa joto. Utomvu huo ndio uliovishwa nyaya za chini ya bahari, ukiwemo waya uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Mwaka huohuo Mathew Gray akapata hataza Uingereza: skrubu ichukue nafasi ya pistoni. Kwa maoni yangu, kazi kubwa iliishia hapo. Plastiki yenyewe ilichelewa. Politheni, ndiyo hiyo nailoni ya paa, ilipatikana kwa bahati katika maabara ya kampuni ya ICI mwaka 1933, na miaka miwili baadaye Mjerumani Paul Troester akaunda mashine mahususi ya plastiki.

Hadi leo chembe za plastiki humiminwa, skrubu ikazisukuma ndani ya pipa la chuma lililopashwa moto, zikayeyuka na kutokea kwenye tundu la duara. Hewa hupulizwa katikati, puto refu likainuka kuelekea dari, likapoa, likabanwa na kuzungushwa kuwa roli. Siku hizi skrubu tatu au tano hulisha tundu moja, kila moja na tabaka lake.

Naivasha inayahitaji matabaka hayo. Shamba la Oserian lilipoanza maua mwaka 1982, mengi yalilimwa nje. Waridi ndilo lililodai paa. Jua la nyanda hizi za juu, karibu na ikweta, huikausha nailoni ikapasuka, kwa hiyo hutiwa dawa ya kuikinga katika matabaka yake. Kisha mkulima hufukiza salfa kuua ukungu wa waridi, nayo salfa huila dawa ileile.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Kenya ya Agosti 28, 2017 iliondoa mifuko ya kubebea, si paa hizi. Zikichakaa zinaweza kusagwa na kurudishwa kwenye skrubu, lakini plastiki iliyochomwa na jua na kulowa salfa haitoi tena nailoni angavu. Hufaa zaidi kwa mabomba meusi na nguzo za uzio.