Mwanafunzi asipofika siku ya tathmini, matokeo yanahesabiwaje?

Tathmini kubwa za elimu hazipimi kila mwanafunzi nchini. Zinachagua shule kadhaa kwa bahati nasibu, kisha wanafunzi wachache ndani ya kila shule, na hao ndio wanawawakilisha wenzao wote. SACMEQ ya mwaka 2007, ambayo Tanzania Bara na Zanzibar zilishiriki kila moja kivyake, ilipima darasa la sita kwa mtindo huo.

Shida inaanza pale aliyechaguliwa asipotokea.

Kwa nini ni shida?

Chukulia shule moja ya kata ya Ziba, wilayani Igunga, Tabora. Huko watu wanalima na kufuga, na kuna siku mtoto anabaki shambani au machungani. Tuseme (namba ni za mfano tu) wamechaguliwa wanafunzi 25: wasichana 15 na wavulana 10. Wasichana wamefika wote, wavulana 5 tu. Wanaoweza kusoma hadithi ni wasichana 9 na mvulana 1.

Ukihesabu waliofika tu, ni 10 kati ya 20, yaani asilimia 50.

Marekebisho yanafanyikaje?

Kila mwanafunzi anapewa "uzito", yaani idadi ya watoto anaowawakilisha. Wavulana 5 waliofika wanabeba na nafasi za wenzao 5 waliokosa, hivyo kila mmoja anahesabiwa mara 2. Msichana anabaki 1. Sasa ni 9 + 2 = 11 kati ya 25: asilimia 44.

Mbona wote wasiongezewe sawa? Kwa sababu jibu lingebaki lile lile, asilimia 50. Ndiyo maana watakwimu wanagawa makundi kwanza: jinsia, mkoa, mjini au kijijini.

Na kumwita mwanafunzi mwingine azibe nafasi? Hapana. Anayepatikana kirahisi mara nyingi ni yule asiyekosa shule, na matokeo yanapanda kwa uongo.

Uzito hautibu kila kitu

Hesabu hii inaamini kwamba aliyekosa anafanana na mwenzake wa kundi lake aliyefika. Kama aliyekosa ni mtoro wa wiki nzima, hata ile 44 imezidi. Ndiyo maana PISA, tathmini ya OECD, inataka angalau asilimia 80 ya wanafunzi waliochaguliwa washiriki.

Mtoto ambaye hajaandikishwa kabisa hayumo hata kwenye orodha. Kwa hao, Uwezo ilichagua njia nyingine: kwenda nyumba kwa nyumba na kupima watoto wa miaka 7 hadi 16, wawe wanasoma au la.

Uangalie nini kwenye ripoti?

Mambo mawili: walichaguliwa wangapi, na walipimwa wangapi. Pengo likiwa kubwa na halijaelezwa, usikimbilie kushangilia asilimia. Matokeo haya hutumika kujua wapi pa kuongeza nguvu, na mtoto aliyeko machungani asipohesabiwa, ni rahisi kusahaulika.