Walker, jina lililoanzia horini

Mashabiki wa soka wa Afrika Mashariki wanamfahamu Kyle Walker, beki wa kulia wa Uingereza aliyesifika kwa mbio zake. Aliyepata Kiingereza cha shuleni atadhani jina hilo halina fumbo: ni la mtu anayetembea, pengine msafiri au mjumbe aliyepelekwa huku na huku. Lakini watu wa kwanza kuitwa Walker hawakuwa wasafiri. Walishinda wamesimama ndani ya hori, miguu mitupu, wakikanyaga kitambaa cha sufu kilicholowekwa kwenye maji na mkojo uliovunda.

Kazi hiyo ilikuwa uti wa mgongo wa utajiri wa Uingereza ya zama za kati. Kitambaa cha sufu kikitoka kwa mfumaji huwa hakijawa tayari kuvaliwa. Nyuzi zimeachana, na kina mafuta ya kondoo pamoja na uchafu wa karakana. Ukiweka mkono nyuma yake unauona. Ndipo kinapopelekwa kwa mkanyagaji. Mkojo uliokaa siku nyingi hutoa amonia, na amonia hukata mafuta. Baada yake hutiwa udongo laini wenye sifa ya kufyonza grisi, ambao Waingereza waliuchimba sehemu kama Surrey na Bedfordshire. Kisha miguu hufanya kazi, saa baada ya saa, mpaka nyuzi zishikane, kitambaa kisinyae na kuwa kizito kiasi cha kuzuia upepo na mvua. Mwisho hutandazwa uwanjani juu ya fremu ndefu za mbao, kimenaswa kwa kulabu pembeni, kikauke kikiwa kimenyooka.

Hakuna aliyevaa joho la bei, awe askofu au mfanyabiashara wa London, ambaye hakuwiwa na miguu hiyo.

Fundi huyo hakuwa na jina moja nchi nzima. Kusini-mashariki waliitwa Fuller. Kusini-magharibi, kuanzia Somerset hadi Devon na Cornwall, wakaitwa Tucker. Katikati ya nchi na kaskazini, Yorkshire na Lancashire zikiwemo, wakawa Walker, kutokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichobeba maana ya kuviringisha na kusukasuka. Kwa hiyo majina matatu yanayosikika kama ya koo zisizohusiana yametokana na kazi moja, na kila moja linadokeza upande wa nchi ambako babu wa kwanza aliloweka miguu yake. Alama hizo zimo hata kwenye ramani: Cornwall kuna kijiji cha Tuckingmill karibu na Camborne, na mji wa Exeter bado una jumba la chama cha wafumaji na wakanyagaji, Tuckers Hall, lililojengwa mwaka 1471.

Mashine iliwafikia mafundi hawa mapema kuliko wengi. Mwaka 1185 mashujaa watawa wa Templar walipoorodhesha mali zao nchini Uingereza, waliandika vinu viwili vya kukandamizia sufu, kimoja Newsam huko Yorkshire na kingine Gloucestershire. Gurudumu la maji lilizungusha mhimili wenye meno, meno yakainua nyundo nzito za mbao na kuziachia zidondoke juu ya kitambaa. Mwaka 1941 mwanahistoria Eleanora Carus-Wilson aliyaita mabadiliko hayo mapinduzi ya viwanda ya karne ya 13. Wenzake waliokuja baadaye waliona amekuza mambo, na wana hoja, lakini hakuna anayekana kwamba vinu vilienea sana katika karne hiyo.

Vilileta pia ugomvi. Mwenye kinu alikuwa bwana wa ardhi, naye alitaka kila kitambaa kipite kwake ili alipwe ushuru. Pale St Albans, katika miaka ya 1270, wenyeji walishikilia haki ya kukanyaga sufu majumbani mwao, abati wa monasteri akashikilia kwamba lazima waipeleke kinuni kwake. Abati alishinda. Ni sawa kumhesabu mkanyagaji wa St Albans miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo kabisa kugombana na mwenye mashine.

Wakati huohuo kazi ilikuwa inageuka kuwa jina la ukoo. Wanormani walioiteka nchi mwaka 1066 walikuwa na desturi ya majina ya ukoo kwa wakubwa wao, nayo ikashuka polepole hadi kwa watu wa kawaida, kusini kwanza, kaskazini baadaye. Serikali ikaihitaji zaidi. Kodi ya kichwa ilitozwa mwaka 1377, 1379 na 1381, na karani hawezi kudai kodi kijijini ambako nusu ya wanaume wanaitwa John. Mwaka 1413 sheria ikaagiza hati fulani za mahakama zitaje kazi au hadhi ya mshtakiwa na mahali anakotoka. Mwaka 1538 Thomas Cromwell akaamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Kufikia hapo mwana wa Walker aliweza kuwa mwokaji mikate na bado akazikwa kama Walker.

Jina likavuka bahari pamoja na walowezi, na Marekani likabebwa pia na Waafrika waliotiwa utumwani. Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa, alilipata kwa ndoa na akajenga biashara kubwa ya vipodozi vya nywele kama Madam C. J. Walker. Mwandishi Alice Walker, aliyezaliwa Georgia mwaka 1944, alilipa maana nyingine kabisa. Ameeleza kwamba aliamua kubaki na jina hilo kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, mtumwa aliyetembezwa kwa miguu kutoka Virginia hadi Georgia akiwa amebeba watoto wawili.