Vijana wa Kiakan na Kanisa Walilolianzisha Wenyewe

Mwaka 1831, mjini Cape Coast, vijana wachache wa Kifante, tawi la Waakan, waliosoma katika shule ya ngome ya Waingereza walianza kukutana kusoma Biblia. Hapakuwa na mmisionari wa kuwaongoza. Mmoja wao, William de Graft, alimwomba nahodha Potter wa Bristol awaletee Biblia zaidi. Nahodha alipofika kwao alipeleka ombi hilo kwa Wamethodisti, nao wakaona heri kumtuma mtu pamoja na vitabu. Joseph Dunwell alishuka pwani tarehe 1 Januari 1835. Kabla mwaka haujafika nusu, alikuwa amefariki. Vijana wale hawakutawanyika; waliendelea kukutana na kuhubiri mpaka wamisionari wengine walipokuja.

Hivyo ndivyo Umethodisti ulivyoanza miongoni mwa Waakan, jamii kubwa kuliko zote nchini Ghana. Mwanzo huo unafaa kukumbukwa, kwa sababu mara nyingi kazi ya vijana huelezwa kana kwamba ni jambo walilofanyiwa na wakubwa.

Waakan walikuwa na malezi yao imara. Mtoto ni wa abusua, yaani ukoo wa mama yake, na kwa desturi urithi hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mjomba ndiye aliyemsimamia kijana mbele ya wazee. Msichana wa Kiasante alipovunja ungo alifanyiwa bragoro, akafundwa na wanawake wakubwa. Vijana wa kiume walikuwa na asafo, makundi ya ulinzi ambayo pia yalikuwa na sauti ya kumpinga chifu.

Wamisionari wa Basel, Uswisi, waliofika Akropong na Andreas Riis mwaka 1835, walichukua njia ya kumtenga kijana na mazingira hayo. Baada ya miaka ya vifo na kukata tamaa, mwaka 1843 Riis alileta familia za Wakristo weusi kutoka Karibi, na kazi ikapata mizizi. Waongofu walijengewa mtaa wao pembeni mwa mji, ulioitwa Salem, wenye kanisa, shule na sheria zake. Chuo cha walimu kilifunguliwa Akropong mwaka 1848. Huko Akropong alisoma David Asante, kijana wa Akuapem aliyeendelea na masomo Basel kwenyewe, kisha akasaidia kutafsiri Biblia ya Kitwi iliyotoka mwaka 1871. Faida ilikuwa kubwa, lakini nayo ilikuwa na bei yake: bragoro ilikatazwa, na mafundisho ya kipaimara hayakuziba pengo lote lililoachwa na makungwi.

Kisha ikaja kakao. Tetteh Quarshie alileta mbegu kutoka kisiwa cha Fernando Po, akazipanda Mampong-Akuapem mwaka 1879. Kufikia 1911 koloni la Gold Coast, Ghana ya leo, liliongoza duniani kwa kuuza kakao. Vijana walihama kwenda misituni, migodini Obuasi na kwenye vituo vya reli. Mtoto alilima shamba la baba yake miaka mingi, baba akifa shamba likachukuliwa na mpwa. Hapo kanisa lilisema jambo lililogusa maisha: lilidai mjane na watoto nao wapate fungu lao. Dai hilo liliishi muda mrefu, hadi sheria ya mirathi ya mwaka 1985 ilipowapa haki hiyo Waghana wote.

Shule za misheni nazo zilizaa vijana wenye maswali. Kwegyir Aggrey, Mfante wa Anomabu aliyezuru Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1924 na tume ya elimu ya Phelps-Stokes, alifundisha kwamba Mwafrika aweza kuwa Mkristo na msomi bila kuacha kuwa Mwafrika. Ephraim Amu, mtu wa jamii ya Waewe aliyefundisha chuoni Akropong, aliyatenda maneno kama hayo. Alihubiri akiwa amevaa kitambaa cha kienyeji, akatunga nyimbo za ibada kwa midundo ya nyumbani. Mwaka 1933 kanisa lilimwachisha kazi. Leo nyimbo zake zinaimbwa na kwaya za makanisa yaleyale. Miaka 5 baada ya kufukuzwa kwake, Wapresbiteri waliunda Young People's Guild, chama cha vijana kilichopo hadi sasa.

Baada ya uhuru, mlezi mwingine alijitokeza: serikali. Mwaka 1960 kiongozi wa nchi, Kwame Nkrumah, alianzisha Young Pioneers, chama cha vijana cha serikali. Mwaka 1962 askofu wa Kianglikana wa Accra, Richard Roseveare, aliwashutumu hadharani kwamba wanamweka kiongozi mahali pa Mungu. Akafukuzwa nchini, ingawa aliruhusiwa kurudi baada ya miezi michache. Mapinduzi ya Februari 1966 yaliwafuta Young Pioneers. Vikundi vya Scripture Union, chama cha kusoma Biblia, viliendelea mashuleni, vikiongozwa na wanafunzi wenyewe, kama wale wa Cape Coast zamani. Ilipofika 1983, mwaka wa ukame, njaa na kufukuzwa kwa Waghana kutoka Nigeria, vijana waliozoea kusali katika vikundi hivyo walikuwa miongoni mwa waliojaza makanisa mapya ya kiroho mijini.

Historia hii inatoa hukumu iliyo wazi. Kanisa lilipata nguvu miongoni mwa Waakan pale liliposhika mzigo halisi wa kijana: elimu, urithi, lugha yake na wimbo wake. Lilipoteza pale lilipomtaka anyamaze na kuvaa alivyoagizwa. Viongozi wa dini popote wanaolalamika kwamba vijana wamekimbia, na waanze kwa kuwauliza wamebeba mzigo gani, kisha wawaachie nafasi ya kuongoza.